Kumwitikia Ishirini na Tatu

Asubuhi moja mwezi uliopita, Bibi ninayemtunza hapa Hail, Maskati, aliniita kwa jina la dada yake. Dada huyo alifariki Unguja zamani sana, kabla ukoo wao haujahamia Oman. Nilikuwa jikoni nachemsha maziwa. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma, na nje basi la njano la shule lilikuwa limesimama mlangoni pa jirani, dereva akipiga honi moja fupi kama anavyofanya kila siku. Sikuitika, kwa sababu jina halikuwa langu. Akaita tena. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa na kilio ndani yake.

"Mbona huniitiki? Mie nakwita tokea alfajiri! Nna jambo nataka kukwambia."

Nikaweka kijiko chini. Nikasema, "Labeka, dada."

Akatulia palepale. Nilipompelekea kahawa na tende nilimkuta anatabasamu. Akanishika mkono, akanieleza habari za kisima na ndoo iliyokatika kamba, mambo ya wasichana wawili ambayo sikuwahi kuyaona. Binti yake, ambaye ndiye mwenye nyumba, alikuwa amesimama ukumbini anasikia yote. Baadaye akaniambia kwa upole, "Umefanya vizuri. Akikuita hivyo, we itika tu."

Nikamwambia sawa. Nikarudi jikoni. Ndugu yangu, hiyo haikuwa mara yangu ya kwanza kumwitikia mtu aliyekufa. Nilianza kazi hiyo nikiwa na miaka kumi, darasani, mchana kweupe, na aliyenipa kazi hiyo alikuwa mwalimu wangu.

Kwetu ni bara ya Tanga, chini ya milima, katikati ya msitu wa misaji wa serikali. Usifikirie msitu wenye nyani na kamba za mizizi zinazoning'inia. Misaji ni miti ya mbao iliyopandwa na watu, kwa mistari, na ukisimama katikati ukatazama upande wowote unaona safu iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Chini hapaoti kitu cha maana. Ndege hawakai sana. Kiangazi majani huanguka, makubwa kama sinia, makavu, na kila moja likitua linatoa sauti ya mtu aliyepiga hatua moja kisha akasita. Sisi watoto tuliizoea. Mgeni akija kwetu alikuwa anageuka nyuma kila mara.

Kazi yetu ya kwanza shuleni asubuhi ilikuwa kuyafagia majani hayo kwa fagio la chelewa. Mpaka saa ya uji uwanja ulikuwa umeshafunikwa tena, utadhani hakuna aliyefagia. Majani machanga tuliyapenda zaidi. Ukiyasugua kiganjani yanatoa rangi nyekundu, nyekundu kabisa, na haitoki kwa sabuni. Tulikuwa tunapakana mikononi kisha tunakimbia kwa mama zetu tukilia kwamba tumejikata. Mama yangu hakudanganyika hata siku moja. Alikuwa anasema tu, bila kuinua macho kwenye mihogo anayomenya, "Haya, kafe huko nje, humu utanichafulia."

Msitu ule ndio uliotulea. Mwalimu mkuu, mtu mrefu mwenye shati moja jeupe ambalo sikuwahi kuliona limekunjamana, alitueleza mara nyingi. Kila kitalu cha misaji kilipovunwa na magogo kwenda mjini, serikali kuu ilirudisha fungu kwa vijiji vilivyozungukwa na msitu, na fungu hilo lilikuwa na kazi mbili tu, shule na barabara. "Darasa hili mnaloliona ni kitalu cha mlimani," alikuwa akisema huku anagonga ukuta kwa chaki. "Lile la pili ni kitalu cha mtoni. Barabara mliyoijia ni ile misaji iliyokuwa nyuma ya msikiti." Nilikuwa nikilala nikiwaza kwamba miti ile imejificha ndani ya kuta, imesimama kwa mistari, inatusikiliza tukisoma.

Kila mwaka masika yakiisha lilikuja greda. Tuliruhusiwa kutoka darasani kulitazama. Nadhani sijawahi tena kusikia harufu nzuri kama ile, udongo mwekundu uliokwanguliwa ukiwa bado na unyevu, umechanganyika na moshi wa dizeli. Baada ya greda zilipita gari za mkaa, gari za machungwa, na gari ya zahanati. Tulikuwa wanafunzi arobaini na mmoja.

Kisha miti mikubwa ikaisha. Bwana misitu alikuja kuwaeleza wazazi, na mimi nilikuwepo nimekaa miguuni pa mama. Akasema kitalu cha mwisho kimevunwa, mipya imeshapandwa, ila msaji hauvunwi mpaka uwe mtu mzima. Mzee mmoja akamuuliza mtu mzima wa miaka mingapi. Bwana misitu akatutazama sisi watoto tuliokaa chini, akasema, "Hawa wakishakuwa na watoto wao."

Hakuna aliyefanya kosa lolote, ndivyo ninavyoona mpaka leo. Miti iliisha, na fungu likaisha nayo. Mwaka ule greda halikuja. Mwaka uliofuata mvua ilikula barabara kwenye kona ya chini, kalvati likaporomoka, pakabaki korongo ambalo mtu alilivuka kwa kushuka na kupanda kwa mikono. Gari za machungwa zikaacha kuja. Watu wakaanza kuhama, nyumba moja baada ya nyingine, wakibeba milango yao. Sijui kama umewahi kuona kijiji ambacho nyumba zimebaki na milango imeondoka. Unapita unaona weusi mtupu mahali pa mlango, na hujui kama ndani kuna mtu anayekutazama.

Walimu wawili wakahamishwa, akabaki mwalimu mkuu peke yake. Akabaki pia mpishi wa uji, mwanamke mmoja mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka mtoni. Binti wa mpishi ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Tulikaa dawati moja. Katika daftari la mahudhurio mwalimu alituita kwa namba, mimi nikiwa tisa na yeye ishirini na tatu, na tulikuwa tukishindana nani ataitika kwa sauti ndogo zaidi mwalimu akasikia.

Masika ya mwaka huo rafiki yangu akashikwa na homa. Siku moja kabla tulikuwa tumepakana majani. Homa ilipopanda akaanza kukakamaa, na mtu akakimbia mpaka mahali penye mtandao kuita gari ya zahanati. Gari ilikuja. Ilifika upande wa pili wa korongo, ikasimama. Wanaume wakambeba na kitanda cha kamba, sisi watoto tukafuata nyuma kwenye tope. Nilimwona dereva kwa macho yangu, amefungua mlango wa nyuma, ametandika shuka. Kati yetu na yeye hapakuwa na umbali wa kutupa jiwe. Wanaume wakawa wanabishana namna ya kushusha kitanda, huyu anasema tutangulize miguu, huyu anasema kichwa. Wakiwa bado wanabishana mpishi akasema, "Basi. Mwekeni chini." Hakupiga kelele. Gari upande wa pili iliendelea kunguruma kwa muda mrefu, labda dereva hakuelewa.

Wanawake waliomwosha walisema viganja vyake havikutakata. Alizikwa vikiwa vyekundu.

Baada ya siku tatu shule ikafunguliwa. Tulikuwa tumebaki kumi na mmoja. Mwalimu mkuu akanisimamisha barazani kabla ya kengele. Macho yake yalikuwa mekundu na shati lake, kwa mara ya kwanza, lilikuwa na mikunjo.

"Unajua barabara inatengenezwa palipo na shule," akaniambia. "Na shule inabaki palipo na watoto. Mkaguzi atakuja kuangalia daftari. Nikikata namba hata moja, wanatufunga, na barabara ndiyo basi tena. Umenielewa?"

Nikasema ndiyo. Sikuwa nimeelewa.

"Wenzako watawaitikia waliohama. Wewe ulikuwa unakaa naye. Wewe ndiye utakayemwitikia."

Basi tukaanza. Mwalimu alisoma namba moja hadi arobaini na moja, taratibu, kama zamani, nasi watoto kumi na mmoja tukawaitikia wote. Kila mmoja wetu alikuwa na wake wawili au watatu, na tulibadilisha sauti ili zisifanane. Siku za mwanzo tulicheka. Baada ya wiki mbili hakuna aliyecheka. Fikiria chumba chenye madawati matupu, majani yanatua nje moja moja, na sauti za watoto arobaini na mmoja. Kuna asubuhi niliapa kwamba sauti nyingine haikutoka kwa yeyote kati yetu. Niliwauliza wenzangu, nao waliniambia kwamba wao pia hufikiri hivyo, ila walidhani ni mimi.

Ukuta wa nyuma wa darasa ulikuwa na matofali ya matundu, na upande wa pili ndipo palipokuwa na jiko la uji. Mpishi alisikia kila kitu. Siku ya kwanza mwalimu alipoita ishirini na tatu nami nikasema "Nipo" kwa kasauti kadogo, mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha mwiko ukaendelea kukoroga.

Nilidhani atanichapa. Saa ya uji nilikwenda wa mwisho, nimeinamisha kichwa. Akanijazia kikombe changu. Akachukua kikombe cha pili, akakijaza mpaka juu, akakiweka mkononi mwangu.

"Mpe mwenzio," akasema.

Nikavinywa vyote viwili nyuma ya choo, kwa kuogopa kumwaga. Kesho yake ikawa vilevile. Ulikuwa uji wa mahindi wenye sukari kidogo, na ule wa kikombe cha pili, naapa, ulikuwa mtamu zaidi. Nilinenepa miezi ile. Mama alishangaa, kwa sababu nyumbani tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Nikawa najitahidi kazini kwangu. Nilikumbuka jinsi rafiki yangu alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya kuitika, na jinsi alivyoishia juu kidogo kama anayeuliza. Ikafika siku sikuhitaji tena kukumbuka. Sauti ilikuja yenyewe. Asubuhi moja ya baridi mpishi akanitazama sana wakati ananimiminia uji, akasema kwa wasiwasi wa kweli, "Leo ameitika kama ana mafua. Mwambie avae sweta."

Sikumwambia mtu. Nilikwenda nyumbani, na nilipopita karibu na kona ya chini, pale alipofia, nikasema kwa sauti, "Mama anasema uvae sweta." Nilijisikia mjinga, halafu nikakimbia njia nzima.

Mkaguzi alifika kiangazi. Gari lake aliliacha kule kwenye korongo, akaja kwa miguu, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Alikuwa mtu mstaarabu, mwenye miwani na leso aliyojifutia jasho. Mwalimu mkuu akamwambia watoto wengine wameenda kuchota maji. Mkaguzi akasema hana haraka, atawangoja. Akakaa kwenye kiti cha mwalimu, nasi tukakaa kwenye madawati, tukangoja. Jua likapanda. Nje jani lilikuwa linaanguka, kisha kimya, kisha jani. Kila likianguka mkaguzi alitazama mlangoni. Nadhani alifanya hivyo mara ishirini. Hakuingia mtu.

Mwishowe akavuta daftari, akaanza kuita mwenyewe.

Tulijua namba zetu. Lakini mwalimu mkuu alikuwa akiita huku ameinamia meza, na huyu aliita huku anatutazama midomo. Namba nne ikaitikwa, tano ikaitikwa na mtoto yuleyule, na mtoto akaanza kulia. Tisa nikasema nipo, mkaguzi akaniitikia kwa kichwa. Kuanzia hapo wengi walinyamaza. Aliendelea kuita, bila hasira, akiweka alama.

"Ishirini na tatu."

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma ya mkaguzi. Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu mzima kabla ya siku ile, wala baadaye. Alikuwa ananiomba. Nikavuta pumzi kama alivyokuwa akivuta rafiki yangu, nikafungua mdomo. Mkaguzi alikuwa ananitazama. Nikaufunga.

"Ishirini na tatu," akarudia.

"Nipo."

Ilikuwa sauti ya mtoto, nyembamba, imeishia juu kidogo. Ilitokea kwenye matundu ya ukuta wa nyuma. Tuligeuka sote. Msichana aliyekaa mbele yangu akajikojolea. Kisha tukasikia kandambili, na mpishi akaingia kwa mlango wa nyuma huku anajifuta mikono kwa kanga. Akapita katikati ya madawati, akaja akakaa karibu nami, mahali pa mwanawe. Magoti yake hayakuenea. Akakunja mikono juu ya dawati kama tulivyofundishwa.

"Nipo, Mwalimu," akasema tena, kwa sauti ileile.

Mkaguzi akavua miwani. "Mama," akamuuliza polepole, "mtoto wako yuko wapi?"

Hapo mpishi akarudi kwenye sauti yake mwenyewe, ile ya kusikika mpaka mtoni. "Pale ulipoacha gari," akasema. "Umempita ukija. Na sisi tulimpita."

Mkaguzi hakuandika tena. Aliomba maji ya kunywa, akayanywa yote, akatushukuru. Wakati anaondoka alimwambia mwalimu mkuu kitu kimoja tu, kwamba ataandika alichokiona. Aliandika kumi na mmoja. Mwaka ulipoisha shule ikafungwa, nasi tukapelekwa kwa ndugu huku na huko. Mimi na mama tulikwenda mjini kwa mjomba. Mwalimu mkuu aliniona siku tunaondoka, akaniambia, "Hukukosea." Lakini alikuwa anatazama pembeni wakati anasema, na kwa miaka mingi nilibeba kule kutazama pembeni kuliko yale maneno.

Mwaka juzi nilipewa likizo nikaenda nyumbani. Mama akanieleza kwamba mpishi yuko mjini hapohapo, anauza vitumbua karibu na stendi. Nilimkuta amekonda, kicheko hakuna, ila mikono ni ileile. Nilimwambia mimi ni nani. Akageuza vitumbua vyake kwanza, vyote, mpaka cha mwisho.

"Nilikuwa nakuchukia, mwanangu," akasema. "Kila asubuhi nilikuchukia, na kila asubuhi nilikungoja. Ukichelewa kidogo kuitika, moyo ulikuwa unataka kusimama."

Nikamwomba radhi kwa kuitika. Kisha nikamwomba radhi kwa siku ile niliyonyamaza. Sikujua ipi ndiyo iliyomuumiza.

"Siku uliyonyamaza," akanijibu, "ndiyo siku niliyomzika." Akanifungia vitumbua kwenye gazeti, akakataa pesa yangu, akamgeukia mteja mwingine.

Kesho yake nilipanda bodaboda kwenda kijijini, maana mama alikuwa ameniambia fungu limerudi. Ni kweli. Misaji iliyopandwa nilipokuwa mtoto imekuwa watu wazima, imevunwa, na serikali imefanya kama ilivyofanya zamani. Barabara imechongwa vizuri, imewekwa kifusi. Kwenye kona ya chini kuna kalvati jipya la zege, pana, lenye kingo nyeupe. Tulilivuka kwa sekunde mbili, dereva hata hakupunguza mwendo.

Shule imejengwa upya palepale. Kama umewahi kupita Maskati ya zamani Ijumaa adhuhuri, ukaona zile barabara zilizofagiwa na majengo meupe na hakuna mtu hata mmoja, basi umeiona shule yetu. Bati jipya. Madawati bado yamevaa nailoni. Vyoo vya wavulana, vyoo vya wasichana, mabomba yanatoa maji. Nyuma hakuna nyumba, si zenye milango wala zisizo na milango. Kuta za udongo zimeyeyuka, na miche ya misaji imepandwa kwa mistari juu ya mahali palipokuwa na vitanda vyetu. Nilitaka kutafuta pa kwetu kwa kuhesabu hatua kutoka msikitini, ila msikiti nao sikuuona.

Nakumbuka utotoni nilisikia kelele kila mahali, kinu cha jirani, mbuzi, redio ya mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza habari kwa sauti kubwa ili wote tusikie. Sikuwahi kufikiri kwamba kelele zile zilikuwa ndizo kijiji chenyewe. Nilidhani kijiji ni nyumba na njia. Sasa njia ipo, nzuri kuliko zamani, na pamoja na hayo hakuna mahali inapokwenda.

Mlinzi wa shule alikuwa kijana mgeni, aliyeajiriwa kutoka mbali. Alifurahi kuona mtu. Akaniletea kiti, akanipa daftari la wageni, na mimi nilikuwa wa kwanza kwenye ukurasa. Aliponiona nimekaa tu, natazama madarasa, akaniuliza kwa adabu, "Dada, hapa unamtafuta nani, nikuitie?"

Nikamrudishia daftari lake. Nikamwambia nimepita tu.